Mshika Kamba wa Kaptoroi

Enzi za kamba, huko Kaptoroi, mchimbaji hakupangiwa mtu wa kumshusha shimoni. Alimchagua mwenyewe. Angeweza kuwa ndugu yake, jirani yake, hata mtu wa kabila lingine waliyekutana naye hapo hapo mgodini, mradi awe amemwamini. Aliyechaguliwa aliitwa mshika kamba, na kazi yake ilikuwa na mwiko mmoja: haondoki kwenye mdomo wa shimo mpaka mtu wake arudi juu. Mvua ya mawe ikinyesha, hujifunika karai kichwani akabaki pale pale. Akiitwa kwamba kwake kuna mgonjwa, humtuma mwingine. Aliye chini naye alikuwa na mwiko wake. Kamba ikisimama, haparamii ukuta peke yake, kwa sababu ataangusha mawe, na anayevuta atavuta kamba tupu asijue mtu wake amekwama wapi. Hungoja. Mtu wake yuko juu.

Kipkurui alimchagua Lenah, mke wake, na watu wakaangua kicheko.

"Wewe Kipkurui, umekosa watu?" mmoja wao akamuuliza. "Juzi tu huyu mama amekufokea juu ya chumvi, kilima kizima kikasikia. Leo unampa kamba?"

"Ndiyo maana nimempa," Kipkurui akajibu huku akijifunga kamba kiunoni. "Akiniangusha, atamfokea nani?"

Lenah alikuwa na mdomo, hilo hakuna aliyelibisha. "Wewe shuka," akasema. "Na ukikawia huko chini nakuvuta bila kuuliza."

Wanaume wengi wakati huo waliamini kuwa mwanamke akisimama juu ya shimo dhahabu hukimbia. Kipkurui alisema dhahabu yenye miguu ya kukimbia hana haja nayo. Basi Lenah akaushika mkono wa lile gogo la kuzungusha, gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya panda mbili za mti, kamba ya katani imeviringishwa katikati. Wachimbaji waliliita Punda, kwa sababu lilibeba kila kitu na kulia njia nzima. Upande wa pili wa gogo alisimama Esnah, mwanamke wa umri wake, na wawili hao wakazungusha kwa mwendo mmoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

Kamba ilikuwa na lugha yake. Mvuto mmoja kutoka chini ulimaanisha simama. Miwili, vuta mawe. Mitatu, vuta mtu. Baada ya muda mfupi Lenah aliweza kuujua mkono wa kila mchimbaji hata bila kuchungulia. Kulikuwa na walionyakua kamba kama wanafukuzwa. Kipkurui aliivuta polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala.

Lenah hakuzaliwa katika mambo ya mawe. Alizaliwa karibu na Chepilat, upande ambao ukitoka asubuhi kununua sukari utasalimiwa kwa Kipsigis njiani na kwa Kigusii dukani. Wazazi wake walikuwa Wagusii waliokuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, wakanunua kipande kidogo cha ardhi na kubaki. Yeye mwenyewe alianza kuchuma akiwa msichana, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni, kwenye shamba moja ng'ambo ya Litein. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tangu umande mpaka jua la mchana. Huko ndiko alikomwona Kipkurui, kijana Mkipsigis mrefu, mpasuaji wa kuni za kuchemshia maji ya kiwanda. Walioana miaka ile ambayo watu wa pande mbili za mpaka walikuwa wakiangaliana kwa jicho baya, na wajomba wa pande zote mbili walinuna. Wao wawili hawakununa. Walipata binti, wakamwita Cherotich.

Kisha mashine zikafika shambani. Watu wachache walitembea na mtambo wa kukata majani juu ya safu za chai, wakafanya kazi ya kundi zima kabla ya chai ya saa nne. Msimamizi aliwakusanya wachumaji akawashukuru kwa utumishi wao, na Jumatatu iliyofuata hawakuhitajika. Lenah alirudi nyumbani na kikapu chake. Wiki hiyo hiyo alianza kusikia habari za Kaptoroi.

Kaptoroi iko chini kabisa ya nchi ya majani chai, pale ambapo kijani kinaisha ghafla na ardhi inaanza kuwa nyekundu na kavu kuelekea Transmara. Wazee walisema Wazungu waliwahi kuchimba pale zamani za ukoloni. Kweli, shimo lao lilikuwa bado lipo, la mraba, kuta zimeshikwa na mbao zilizooza, na kando yake bomba nene lililoliwa na kutu. Waliondoka kwa nini? Wengine walisema dhahabu iliisha, wengine walisema maji yaliwashinda. Shimo lilijaa maji mpaka karibu na mdomo, na wachungaji wakalizungushia miiba baada ya ng'ombe kutumbukia. Halafu mwaka mmoja wa mvua nyingi mto ukamomoa ukingo wake, watu wakaona jiwe jeupe lenye michirizi ya manjano. Watu walitoka Sigowet, wakatoka Sotik, na kutoka Migori wakaja wenye ujuzi, ambao waliwafundisha wengine.

Mwanzoni wanaume walishuka kwa vishimo vya miguu vilivyochongwa ukutani. Waliteleza, wakavunjika. Ndipo Punda akatengenezwa. Mawe yaliyopanda kwa kamba yalipondwa kwa nyundo na wanawake waliokaa chini ya turubai, yakasagwa laini kama unga wa wimbi, kisha unga ukaoshwa juu ya blanketi lililotandazwa kwenye ubao ulioinama. Mchanga ulienda na maji. Dhahabu, kwa uzito wake, ilinaswa kwenye manyoya ya blanketi. Baadaye ikaja zebaki, ndani ya chupa za dawa ya kikohozi. Wanawake waliifinyanga pamoja na unga wa mawe kwa mikono mitupu mpaka ikameza dhahabu yote, kisha waliichoma kwenye kijiko juu ya makaa, jikoni mwao, hadi kibaki kitone cha manjano. Hakuna aliyewaambia kuwa moshi ule ni sumu. Walipokuja kuambiwa, Esnah alikuwa hawezi tena kushika kikombe bila chai kumwagika.

"Punda amestaafisha mguu mmoja," Esnah alimwambia Lenah siku alipoliacha gogo. Wakacheka wote wawili, kisha Lenah akaenda nyuma ya turubai akalia.

Wachimbaji walichanga wakanunua kinu cha dizeli, pipa la chuma linalozunguka na mipira mizito ndani yake. Wakanunua kompresa ya kupeleka hewa chini, na pampu ya kuvuta maji. Kila kitu kipya kilipunguza mikono. Punda na kamba ndivyo vilivyobaki vilevile, kwa sababu kila mtu aliamini mshika kamba wake kuliko alivyoamini injini.

Lakini shimo lilizidi kwenda chini, na siku ilifika ambapo kamba haikutosha. Kampuni kutoka mbali ilipata kibali cha kuchimba. Kwanza walikuja na mtambo mwembamba uliochoronga mwamba na kutoa vipande virefu vya mawe kama miwa. Wakavipanga kwenye masanduku, wakavisoma, wakasema mshipa wa dhahabu unaendelea chini ya mapango ambayo Wazungu waliyachimba zamani kutoka shimo lao. Wakajenga mnara wa chuma juu ya shimo jipya, wakaleta umeme, wakaweka winchi yenye waya wa chuma na kizimba cha kubebea watu. Zebaki ikapigwa marufuku. Mawe yalisagwa kwa vinu vikubwa, yakalowekwa kwenye matangi yenye sianidi ya kuyeyusha dhahabu, nayo ikakamatwa kwa makaa ya vifuu vya nazi. Maji yaliyojaa mapango ya kale yaliachiwa kidogo kidogo kupitia tundu lililotobolewa kwenye ukuta wa mwamba, yakaingia kwenye kisima cha chini, na kutoka hapo pampu ziliyapandisha juu usiku na mchana.

Haki isemwe: chini ya kampuni watu waliacha kufa. Hapo zamani kila masika kulikuwa na matanga. Sasa miaka ilipita bila jeneza kutoka Kaptoroi, na waliosaka kasoro walisaka mahali pengine.

Mhandisi wa winchi alikuwa Okemwa, mtu mpole mwenye miwani, Mgusii wa upande wa Nyamira. Alipotafuta watu wa kufunzwa kuendesha winchi, wazee wa mgodi walimpeleka kwa Lenah.

"Nimeambiwa wewe ndiye mwenye mkono," alimwambia kwa Kigusii, kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa sababu Kipkurui alikuwa karibu.

"Mkono ninao. Hiyo mashine ndiyo sijui kama ina sikio."

"Ina kengele na simu. Na sindano ya kuonyesha mzigo. Utajua kama kizimba ni kitupu au kina mtu."

Lenah alijifunza. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kile kiti, na alijivunia ovaroli yake ya buluu hata akaivaa sokoni Litein bila sababu yoyote. Ila jambo moja lilimkaa rohoni vibaya. Siku ya mafunzo Okemwa aliwaeleza kwamba sasa hakuna mshika kamba. Kuna zamu. Zamu ikiisha, mwendeshaji anampisha mwenzake, hata kama watu wako chini. King'ora cha radi kikilia, mwendeshaji anafunga breki na kutoka kwenye mnara mara moja, kwa sababu mnara ni chuma na radi za nchi ya chai hazina mchezo. Walio chini wako salama kuliko walio juu. Na kizimba kikisimama bila maelezo, au simu ikifa, walio chini wasingoje. Kuna ngazi ya chuma kando ya shimo, imefungiwa ndani ya kizuizi cha waya, inapanda mpaka juu. Wapande.

Kipkurui alinyoosha mkono. "Bwana mhandisi, nipande ngazi na mtu wangu yuko juu? Atafikiriaje?"

"Atafikiri umepanda ngazi, mzee."

Watu wakacheka. Kipkurui hakucheka. "Ngazi ni ya mtu ambaye hana mtu juu," akasema.

"Hapa hakuna mtu wa mtu," Okemwa akajibu bila ukali. "Kuna sheria. Ndiyo inawatoa nyote."

Walifanyishwa mazoezi ya kupanda, naye Kipkurui akapanda kama wengine, akihema na kunung'unika. Lakini aliomba awekwe zamu moja na mkewe, na kwa kuwa alikuwa fundi mzuri wa pampu, alikubaliwa. Kila aliposhuka, jambo la kwanza lilikuwa kuinua simu ya chini.

"Uko?"

"Niko."

"Haya."

Vijana waliwatania. Aliyewatania zaidi ni Vinny, msaidizi wa Kipkurui, kijana wa Sotik aliyesomea ufundi chuoni na kufuga rasta fupi chini ya kofia ngumu. "Mzee, hiyo si simu ya mapenzi," alikuwa akisema. "Watu wa kampuni wanasikiliza, watakukata kodi."

"We oa kwanza," Kipkurui alimjibu. "Uone kama kuna mtu atakuuliza uko wapi."

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa nne. Asubuhi ilikuwa na jua kali lisilo la kawaida, na wenyeji walijua maana yake. Baada ya chakula cha mchana wingu jeusi lilitokea juu ya vilima vya chai na kuteremka kama pazia. Pampu moja ya chini ilikuwa imeanza kukwaruza, kwa hiyo wachimbaji wengine wakapandishwa juu, na Kipkurui akabaki na Vinny kuitengeneza.

Simu ililia. "Uko?"

"Niko. Baba Cherotich, huku juu kumekuwa kweusi. Malizeni haraka."

"Maji ya ukutani yana nguvu kuliko jana. Nafunga bolti hizi, halafu utatuvuta."

Hilo lilikuwa neno la mwisho alilolisikia kutoka kwake. Punje za kwanza za mawe zilianza kugonga bati, kisha king'ora kikalia. Lenah aliinua simu akapiga chini. Ikalia. Kipkurui alikuwa kwenye pampu, mbali na simu, na kelele za maji zilikuwa nyingi. Ikalia tena. Okemwa alitokea mlangoni, mvua ikimchuruzika kwenye miwani.

"Mama Cherotich, toka!"

"Sijamwambia kama natoka."

"Wana ngazi. Kila mmoja amefundishwa. Toka, mama, hiki ni chuma!"

Lenah alifunga breki. Alirudisha simu mahali pake. Akatoka, akakimbia na Okemwa mpaka kwenye chumba cha matofali walikojikinga wengine. Mvua ya mawe ilipiga paa hata watu wakawa wanasemezana kwa ishara. Ndipo ukaja mwanga mweupe na mshindo mmoja, na taa zote za Kaptoroi zikazimika. Transfoma ilikuwa imepigwa.

Pampu zilinyamaza. Ukimya ule ulisikika hata chini ya kelele za mvua, kwa sababu kwa miaka hiyo yote hazikuwahi kunyamaza zote kwa pamoja. Mafundi wa jenereta walitoka mbio. Waliizungusha, ikakohoa, ikazima. Wakaizungusha tena. Lenah alisimama mlangoni, ameshika kizingiti.

"Saa hii wameanza kupanda," Okemwa alimwambia, akiinamia sikio lake. "Umeme ukikatika wanapanda. Kipkurui anajua."

"Anajua," Lenah akasema. Alimwamini Okemwa. Na alimwona Kipkurui kabisa akilini mwake, yuko katikati ya ngazi, anahema na kunung'unika.

Kwenye shimo la zamani la Wazungu, nje ya uzio, maji ya mvua kutoka mlima mzima yalikuwa yakiingia bila kuonwa na mtu.

Aliyetokea kwenye mlango wa ngazi alikuwa Vinny, amejaa tope mpaka kope. Alitambaa kwenye mawe ya barafu kabla ya kuweza kusimama. Lenah alimfikia wa kwanza.

"Mzee yuko nyuma yako?"

Vinny alitikisa kichwa.

"Yuko wapi? Vinny, mzee yuko wapi?"

"Amekataa, mathe. Nimemvuta hata kwa koti. Ameingia kwenye kizimba akafunga mlango. Anasema uko juu. Anasema huwezi kutoka ukamwacha, akipanda utavuta kizimba kitupu ushtuke. Nimemwambia stima imeenda! Ananiambia, tangulia, mimi mtu wangu yuko."

Kutoka kwenye mdomo wa shimo ukatoka upepo. Ulitoka kwa nguvu, wenye baridi na harufu ya tope la kale, ukapeperusha vumbi la mvua kwenda juu. Okemwa aliujua upepo ule, na wachimbaji wazee wakaujua. Ukuta wa mwamba ulikuwa umepasuka, na maji ya mapango yalikuwa yakiisukuma hewa yote ya mgodi nje.

Lenah alikimbilia mnara. Radi ilikuwa bado inapiga kwenye vilima, na hakuna aliyemwita arudi. Okemwa alikimbia naye bega kwa bega. Lenah alikaa kwenye kiti, akashika usukani wa winchi, mashine ikiwa imekufa mikononi mwake. Akainua simu, nayo ilikuwa imekufa. Akaita shimoni kwa sauti, "Niko! Baba Cherotich, niko!" na sauti ikarudishwa na ule upepo.

Jenereta ikashika moto. Taa ikawaka juu ya kichwa chake, ikafifia, ikawaka tena. Lenah akaachia breki na waya ukaanza kupanda. Aliikazia macho sindano ya mzigo. Kizimba kitupu alikijua, alikuwa amekivuta mara zisizohesabika. Sindano ilipita alama ya kizimba kitupu. Ikapita, ikatulia.

"Yumo!" akapiga kelele. "Okemwa, yumo ndani! Ona! Kuna mtu!"

Watu walikusanyika kuzunguka mdomo wa shimo, wengine wakishangilia, na mtu mmoja akaanza kuomba kwa sauti kwa Kipsigis. Lenah alivuta kwa utaratibu, hakuharakisha, kama alivyofunzwa na kama alivyofanya tangu enzi za Punda, ili asimgonge mtu wake ukutani. Machozi yalimtoka, naye alikuwa akitabasamu. Okemwa alikuwa anaitazama sindano ile ile. Alikuwa ameona waya unavyotoka shimoni, umelowa tope la mapango.

Kizimba kilitokea kikimwaga maji pande zote kama kapu lililotolewa mtoni. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Kipkurui alikuwa ameketi kwenye kona, mkono mmoja umepita kwenye wavu wa kizimba na vidole vimeushika, uso wake umeelekea juu.

Lenah alifunga breki, kisha akafunga na komeo ya usalama, ndipo akashuka kwenye kiti.

Walimzika nyumbani kwake, kwenye ukingo wa kipande chao cha chai, siku ambayo majani yalikuwa yamepasuliwa na mawe na shamba zima limenyong'onyea. Mchungaji alihubiri juu ya tumaini. Mkubwa wa kampuni alihutubia, akampa Lenah pole, akasema mbele ya watu wote kuwa mama huyu ni mfano. Alifuata utaratibu. Angebaki kwenye mnara, akasema, leo tungekuwa na majeneza mawili. Watu wakapiga makofi yale ya msibani, ya taratibu. Lenah alikuwa ameinamisha kichwa. Cherotich, aliyekuwa muuguzi Kericho na aliyekuja na wanawe wawili, aliushika mkono wa mama yake, akahisi umekauka kama kuni.

"Mama, ni kweli," alimwambia baadaye jikoni. "Radi ingekuua."

"Labda."

"Ungefanya nini ukiwa pale? Stima haikuwepo."

"Ningemwita. Ningechungulia shimoni nimwite, apande ngazi. Angenisikia, angepanda."

Cherotich aliendelea kuosha vikombe.

Jambo lililomla Lenah halikuwa kosa, maana hakuna aliyeweza kumwonyesha kosa. Kama Kipkurui angefuata sheria mpya, angekuwa hai. Kama yeye angeushika mwiko wa zamani, huenda Kipkurui angekuwa hai. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana, na siku ile moja kila mmoja alimwamini mwenzake kwa njia ambayo mwenzake alikuwa ameiacha. Alimweleza hivyo Esnah peke yake. Esnah aliweka kikombe chini kwa mikono yake miwili inayotetemeka na kusema, "Alikufa anajua uko."

"Ndilo hilo linaloniumiza, Esnah. Sikuwepo."

Vinny alikuja kumwona mara nyingi, akileta mkate na sukari, akikaa bila kuongea sana. Siku moja Lenah alimuuliza kama Kipkurui aliogopa.

"Hapana, mathe. Alikuwa ananicheka. Aliniambia, kijana, wewe panda ngazi, huna mke." Vinny alitaka kutabasamu, uso ukamkatalia.

Kampuni ilikausha mgodi na kujaza mapango ya Wazungu kwa saruji na mabaki ya mawe. Kisha wakaanza kuchimba njia ya mteremko, barabara inayozunguka ndani ya mlima, malori yashuke yenyewe na kurudi yenyewe. Winchi ikabaki ya dharura tu. Okemwa alifika nyumbani kwa Lenah akamwomba aje azungumze na vijana wapya waliokuwa wanaajiriwa. Lenah alikataa. Akaja tena, akakataa tena. Mara ya tatu alimkuta shambani akipogoa chai, akasimama kwenye safu akingoja.

"Kuna wengi wao wametoka kwenye mashimo ya kamba," akasema. "Baba zao waliwafundisha. Mimi nikiwaambia wapande, wananiitikia ndiyo bwana. Halafu wakitoka nasikia wanaambiana mtu wangu ni fulani."

Lenah alikata tawi moja, akakata lingine. "Nitakuja," akasema.

Walikuwa kundi la vijana, kofia ngumu bado zinang'aa, wamesimama karibu na mlango wa ngazi. Lenah alivaa ovaroli yake ya buluu, ambayo sasa ilimpwaya. Hakuwahutubia kwa muda mrefu. Aliwaonyesha jinsi ya kushika ngazi kwa glavu zilizolowa, jinsi ya kupumzika kwenye vituo bila kuwazuia walio nyuma. Kisha akasema, "Kizimba kikisimama, pandeni. Simu ikifa, pandeni. Msimngoje mtu yeyote aliye juu."

Kijana mmoja mwenye macho ya utani akauliza, "Na kama aliye juu ni wewe, mathe? Wewe si tunasikia hujawahi kumwacha mtu? Wewe si tukungoje tu?"

Wenzake walicheka. Okemwa alifungua mdomo ili amkemee, Lenah akamzuia kwa mkono. Alingoja kicheko kiishe.

"Mimi hasa," akasema. "Mimi hasa msiningoje."

Wakashushwa kwa kizimba, mwendeshaji mwingine akiwa kwenye kiti, ili wapande ngazi mmoja mmoja. Kizimba kilipozama gizani Lenah aliutazama mdomo wa shimo kwa muda. Halafu akageuka akauacha. Alitembea mpaka nyuma ya chumba cha matofali, mahali ambapo mtu anayetoka kwenye ngazi hawezi kumwona, akaketi juu ya jiwe, mgongo ameupa mnara.

Viatu vilianza kusikika kwenye chuma, mbali sana chini, vikija. Vilisimama kwenye kituo, vikaendelea. Wa kwanza alipotoka alikuwa anatweta, akaangaza huku na huku.

"Mathe ameenda wapi?" akauliza.

Lenah alisikia. Hakuitika.